Mgomba wa Habimana

Miguu ya Mzee Desderius ilipoanza kuvimba, alitaka jambo moja tu: amzike mwanawe kabla hajazikwa yeye. Mwili haukuwapo. Habimana alikwenda Buganda kuchuma kahawa angali kijana, vita vikamkuta hukohuko, na tangu vilipokwisha hakuna aliyeleta salamu zake. Kwa desturi ya ukoo wao pale Ngara, aliyefia mbali huzikiwa shina la mgomba, nalo sharti likatwe katika shamba la babu zake. Lakini kumzika aliye hai ni kumuua kwa mikono yako. Kwa hiyo binti yake Auleria, mjane aliyekuwa akimuuguza, alikataa kushika jembe.

"Nipe muda, baba. Nimtafute aliyemwona."

Alikuwa amesikia kwamba mateka walipakiwa melini Bukoba wakavushwa ziwa hadi Mwanza, na kwamba miongoni mwao walikuwamo vijana wa Ngara walioingizwa jeshi la adui kwa nguvu. Akaanza kuuliza. Kila alipopeleka maharage gulioni Biharamulo, aliwaendea mgambo waliorudi kutoka vitani.

"Unamtafuta adui, mama?" mmoja alimkejeli mbele za watu. "Wa kwetu hawakukutosha kuwalilia?"

Mwishowe akaelekezwa kijiji cha Kaniha, kwa Nyanda, Msukuma aliyelinda mateka ndani ya meli. Alimkuta akifunga ndama.

"Habimana? Hapana," Nyanda alisema. "Mimi ndiye niliyewagawia uji. Niliwajua wote kwa majina."

Auleria akashusha pumzi. Kama hakuwa miongoni mwao, basi huenda yu hai! Akaeleza habari ya mgomba, Nyanda akacheka.

"Ninyi Wahangaza wa Ngara! Hata maiti mnaipika matoke?"

"Cheka tu, kaka. Lakini mtu mwenyewe sikio la kushoto liliungua utotoni, likakunjamana."

Kicheko kikakatika. Nyanda akaiachia kamba.

"Huyo ni Musoke."

Auleria akaketi palepale chini. Vijana wengi wa kwao waliokwenda Buganda walijivika majina ya wenyeji, na hata koo zao, ili wapate kazi na wasidharauliwe. Habimana aliporudi likizo alitamba kwa jina lake jipya, na yeye, dada yake, akacheka naye badala ya kumkanya, kisha akalisahau. Muda wote huu alikuwa akiulizia jina ambalo mwenyewe alikwisha kulitupa.

"Alishuka Mwanza?"

"Hakushuka, dada. Kuhara damu. Nilimuuliza kwao, akashikilia kuwa ni Masaka, Buganda. Aliwaogopa wenzake, akatuogopa na sisi. Mtanzania ndani ya gwanda la adui, nani angemsikiliza? Siku ya mwisho ndipo alipomwita baba yake kwa lugha yenu. Wenzake wakageuza nyuso. Tulimzika Mwanza, kwa jina lilelile."

Juu ya lori la kurudi Ngara, Auleria alijua angeweza kusema tu, "Amekufa," mgomba ukazikwa, mzee akapumzika. Lakini nusu ya ukweli ni uongo uliovaa nguo safi. Alipofika alipiga magoti kando ya kitanda, akasema yote.

Mzee alijivuta, akaketi kitandani.

"Musoke ni mtoto wa watu," alisema. "Wamzike wao. Wangu nitamngoja."

"Baba, sikio lile..."

"Walioungua masikio ni wengi."

Hakuutaja tena mgomba. Aliamuru kitanda chake kigeuzwe kielekee mlangoni, na kila mbwa alipobweka aliinua kichwa. Masika hayakuisha, akafa macho yake yakiwa njiani.

Asubuhi ya maziko Auleria alikwenda peke yake hadi kwenye mahame, kule walikoishi kabla ya kupelekwa katika kijiji cha ujamaa. Shamba la babu lilikuwa limemezwa na magugu. Alitafuta mgomba uliosimama, akaukata, akaubeba begani huku maji yake yakimchuruzikia mgongoni. Kando ya kaburi la mzee likachimbwa la pili, mgomba ukalazwa ndani.

"Tumtaje nani?" aliuliza shangazi yake, Kanyange.

"Habimana wa Desderius," Auleria alijibu. "Aliyefia melini akiitwa Musoke."

"Jina hilo mbele ya baba yake, Auleria! Huna hata haya?"

Wanawake wakanung'unika, na hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua jembe. Auleria akalichukua mwenyewe, akaanza kufukia.