Dinari Kooni mwa Neema

Harufu ya majivu na ndimu ndiyo iliyonijulisha kwamba Baba amefungua sanduku lake. Alikuwa mwalimu wa historia, tukiishi mtaa wa Katubuka, na kila shule zilipofungwa aliisugua sarafu ndogo ya fedha aliyoachiwa na padri mmoja mgeni aliyerudi kwao. Ilikuwa dinari ya Kirumi. Upande mmoja palikuwa na uso wa Kaisari mwenye shada la majani kichwani. Upande wa pili mwanamke ameketi, mkono mmoja ameshika tawi, mwingine mkuki.

"Tawi ni amani," Baba alituambia, "na mkuki unakukumbusha amani hiyo ni ya nani. Wengi hawakumwona Kaisari maisha yao yote. Walimjua kwa sarafu hii."

Mimi niliogopa jicho lile la Kaisari lililotazama pembeni.

Nilikuwa na miaka tisa siku nilipoichukua kwa siri nimwonyeshe mdogo wangu Neema, wa miaka mitatu. Nilipogeuka kufunga sanduku, akaitia kinywani. Macho yakamtoka, akashika shingo, kisha akapata pumzi. Sarafu haikuonekana tena. Sikusema. Jioni alikataa ugali na dagaa, mate yakimchuruzika kifuani. Mama alimpapasa shingo, akadhani ni mafindofindo. Nililala ubavuni pake nikisikiliza anavyokoroma, nikiomba Mungu aitoe mwenyewe nisijulikane. Asubuhi hata maji yalimshinda.

"Mwana wanje, mwanangu, unaumwa nini?" Mama alimuuliza.

Nikamfuata Baba, aliyekuwa akivaa viatu. "Shikamoo, Baba. Neema amemeza dinari."

Hakunipiga. Alimbeba Neema, akakimbilia hospitali na kiatu kimoja mguuni, nami nyuma yake. Picha ilionyesha duara jeupe kooni. Daktari akamlaza kwa dawa ya usingizi, akaitoa kwa koleo refu. Nje, Baba aliniuliza, "Ulijua tangu jana?" Nikaitikia. Akaketi chini, mgongo ukutani. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akiogopa.

Siku hizi wanangu wakivunja kitu huja kuniambia kabla sijauliza, na majirani husema nimewadekeza. Naacha waseme. Neema ni mama wa watu huko Kidahwe. Tukikutana na ndugu, yeye husimulia jinsi mimi dada yake nilivyomwokoa kwa kusema mapema. Baba alikufa bila kumsahihisha. Nami, mtu mzima mwenye mvi, bado naogopa kumwambia.