Sindano Moja, Wanawake Wanne

Leo mdogo wangu amemdanganya daktari mbele yangu.

Ametapika siku tatu, hata maji hayakai. Daktari akamuuliza anatumia dawa gani.

"Hakuna, daktari."

Nami niliamini. Tena Jumapili, kanisani, nilimsifia kwamba gauni limemkaa.

Daktari alipotoka, mdogo wangu akanivuta shati.

"Kaka, kuna sindano ya kupunguza mwili. Lakini si dawa, tulinunua saluni, Mabatini."

(Ni dawa, ndugu zangu. Hufanya tumbo lichelewe kushusha chakula, ndiyo maana mtu hasikii njaa. Ikizidi, mtu hutapika mpaka mwili unakauka na figo zinaumia.)

"Ulijichoma kiasi gani?"

"Sijui. Tuko wanne. Tunapokezana, kama kwenye upatu wetu."

"Sindano ile ile?"

Akageukia ukutani. "Tunaifuta kwa spiriti."

Nimemfuata daktari, nimemweleza yote. Amemwekea dripu, amechukua damu apime figo na maambukizi. Majibu bado. Kisha akauliza hao watatu wako wapi.

Mdogo wangu amekataa kuwataja.

"Tuliapiana, kaka. Mwingine hata mumewe hajui."

Basi nawaandikia ninyi watatu hapa, maana najua mnanisoma. Sihitaji majina yenu. Acheni hiyo sindano, nendeni hospitali leo, na mkiulizwa kuhusu dawa, semeni.

Jambo moja tu ameniambia: mmoja wenu alianza kutapika jana.