Mkono wa Kushoto wa Fundi

Fundi cherehani wa mtaa ule alishona mishono ya kila aina: mabega wazi, mgongo wazi, mikono ya puto, hata nguo zisizo na mikono kabisa. Zake mwenyewe zilikuwa na mshono mmoja tu, mikono mirefu hadi kwenye vifundo, jua liwake lisiwake. Wateja walidhani ni ushamba. Wala. Tangu usichana wake alikuwa na ugonjwa wa magamba ya ngozi, mabaka mazito kwenye viwiko na mikono, yanayowasha na kupukutisha unga mweupe juu ya kitambaa cha mtu. Hauambukizi, lakini nenda ukamweleze hivyo bibi harusi aliyekuja kujaribu gauni.

Kwa hiyo kliniki ya ngozi ilipotangaza kwamba inatafuta watu wa kujaribia dawa mpya, alifika kabla mlango haujafunguliwa. Daktari alimweleza bila kuzunguka. Atapewa tyubu mbili. Yenye kifuniko cha kijani apake mkono wa kulia, yenye kifuniko cheupe apake wa kushoto. Moja ina dawa, nyingine ni mafuta tu, na zote zina rangi moja na harufu moja.

"Sasa dawa ni ipi?" aliuliza Fundi.

"Hata mimi sijui. Wanaojua hawatatuambia mpaka wagonjwa wote wamalize."

Mumewe, mchomeleaji wa mageti, aliposimuliwa alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Daktari hajui dawa yake! Mimi nikikutengenezea geti nikakwambia sijui kama hiki ni chuma au mbao, utanilipa?"

"Ndiyo kipimo chenyewe. Akijua, macho yake yatapendelea."

"Haya, mama daktari."

Baada ya muda, aliyetaka kujua alihitaji macho tu. Mkono wa kulia ulianza kutulia. Magamba yalipungua, kuwashwa kukaisha, na Fundi akawa anaupapasa katikati ya kazi kama anayekagua kitambaa kipya. Wa kushoto ulibaki na ukaidi wake. Muuguzi aliyepima mikono pale kliniki, mama mpole mwenye miwani mizito, hakuruhusiwa kujua mkono upi unapakwa tyubu ipi. Kila Fundi alipofungua mdomo, muuguzi aliinua kiganja.

"Dada yangu, nisimulie habari za mvua, za mume, za watoto. Za tyubu, hapana."

Mambo yaliharibika mtoto wa dada yake Fundi alipotaka kuoa. Dada mtu aliagiza magauni ya wanawake wote wa ukoo na kutoa amri: mikono mifupi, ili picha zipendeze. Huyo akishaamua, ameamua. Na alikuwa na jibu mkononi kwa kila tatizo.

"Si umeshaijua dawa? Paka hiyo ya kijani kote kote. Nani atakuona?"

Kusema kweli, hakuna ambaye angemwona, na hilo ndilo lililomkosesha raha.

Asubuhi moja alikata shauri. Alikaa kwenye cherehani, akakunja mkono wa kushoto wa blauzi, akafungua kifuniko cha kijani. Moyo ulimwenda mbio kama wa mtoto anayeiba sukari. Mara binti yake, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, akaingia kupimwa gauni lake. Fundi aliifunika tyubu kwa vitambaa na kuchukua futi.

"Langu weka mikono mirefu, mama," binti alisema, akitazama dirishani.

"Mama mkubwa amesema mifupi."

"Najua alichosema."

Sauti ile Fundi aliijua, ilikuwa yake mwenyewe. Alimshika binti mkono na kumkunjia blauzi taratibu. Kwenye kiwiko palikuwa na baka dogo lenye unga mweupe. Roho ilimwuma.

"Tangu lini?"

"Si zamani. Nilitaka harusi ipite kwanza, nisikuharibie."

Binti alipoondoka, Fundi aliitoa tyubu ya kijani akaiangalia. Akipaka mikono yote miwili, na wagonjwa wenzake wakifanya ujanja uleule, mama wa miwani ataona mikono imepona na hakuna atakayejua imeponywa na nini. Binti yake ataenda kwa daktari yuleyule, aambiwe "sijui" ileile. Alikifunga kifuniko. Mkono wa kushoto akaupaka tyubu yake nyeupe kwa haki kabisa, machozi yakimtoka, huku akimtukana dada yake kimoyomoyo.

Siku ya harusi alivaa mikono mifupi, yote miwili. Wa kulia uling'aa, wa kushoto ulikwenda na magamba yake. Dada mtu macho yalimtoka pima. Shemeji mmoja alitazama, akageukia pembeni, kisha akaulizia soda. Binti alimwangalia mama yake kwa muda mrefu kutoka mlangoni, halafu akamsogelea.

"Mama, mkasi upo kwenye mkoba?"

Fundi gani anatembea bila mkasi? Walijifungia chumba cha nyuma, na binti akatoka na mikono mifupi iliyokatwa vibaya kuliko kazi yoyote ya mama yake.

Siku ya mwisho kliniki, karani alimsomea maswali yake ya kawaida. "Wiki iliyopita, ngozi yako imekuzuia kiasi gani kuvaa nguo unayotaka?"

Siku zote Fundi alijibu "sana". Leo alisema, "Hata kidogo."

Karani aliuangalia mkono wa kushoto. "Lakini mama, huu mbona bado?"

"Umeniuliza nguo. Mkono hukuniuliza."

Karani alicheka, akaandika. Muuguzi akavuta taa karibu na kuvaa miwani yake. Fundi aliulaza mkono wa kushoto mezani na kufungua mdomo, na kiganja cha muuguzi kikainuka.

"Si za tyubu," Fundi alisema. "Hizi ni za watoto. Huu utazame vizuri, dada yangu. Nimemtunzia binti yangu."