Jenerali wa Kikabaila Aliyempendeza Baba

Mwaka juzi baba alikuja kukaa kwangu Buhembe akitibiwa macho. Kwa kuwa hakuweza kusoma, jioni nilimsomea somo nililokuwa nawaandalia wanafunzi wangu wa historia: maisha ya jenerali mmoja wa Ufaransa. Alizaliwa kabaila, akapigana miaka mingi chini ya mfalme. Mapinduzi yalipokuja aliukana ukabaila, akaliongoza jeshi la jamhuri mpakani. Aliteka miji, wananchi wakamshangilia. Kisha akashindwa vita, wakakumbuka kwamba alizaliwa kabaila. Wakamwita msaliti, wakamkata kichwa.

Baba ni wa ukoo wa watawala wa zamani. Babu yangu alikuwa akipigiwa magoti. Uchifu ulipofutwa baba alikuwa mtoto, na alipokua akajiunga na jeshi, askari wa kawaida tu.

"Kesho nakwenda na wewe shuleni," akasema.

"Tata, na macho hayo?"

"Kwani nitazungumza kwa macho?"

Alivaa koti lake la Jumapili. Akawasimulia wanafunzi habari za jenerali kana kwamba walilala hema moja, hata farasi wake akampa jina la Kihaya. Darasa likacheka sana.

Msichana mmoja akauliza, "Babu, si angekimbia tu, angepona?"

"Wenzake walikimbia. Yeye aliipenda nchi yake."

"Na wewe hukusikitika kuacha ukubwa wa kwenu?"

Baba alijipapasa kichwa. "Siku ya kwanza depo, kwenye mafunzo ya jeshi, tulinyolewa vipara wote. Nikatazama huku na huku, sikuweza kujua nani wa nyumba ya chifu, nani wa nyumba ya mkulima. Mjukuu wangu, nilifurahi kupita kiasi."

Walimpigia makofi. Mimi niligeukia ubao, nikajifanya nafuta.

Macho yalipopata nafuu kidogo nilimrudisha nyumbani Kishanda. Njiani tulishuka Kemondo tule samaki. Tukiwa tunakula akaniuliza:

"Yule jenerali alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye."

"Walimpa mwili akazike?"

"Sidhani, Tata. Waliokatwa vichwa walitupwa pamoja shimoni."

Alisikitika, akatikisa kichwa. Akapapasa minofu kwa vidole akitoa miiba, mmoja mmoja, halafu akaisukuma sahani upande wangu.

"Kula. Hao Wafaransa wako wamekukondesha."