Bibi wa Ghorofa ya Tatu

Nilipoalikwa kusoma kitabu changu kwenye shule moja ya msingi huku Mchafukoge, watu waliniambia, "Watakuuliza hadithi umeitoa wapi." Nikajiandalia jibu mbele ya kioo: "Hadithi hunijia tu, kama ndoto." Nililipenda jibu lile! Mimi niliyeishia kidato cha pili, ninayeuza mapazia Kariakoo, naongea kama mwandishi kweli.

Kitabu chenyewe ni chembamba. Kinamhusu bibi mchoyo wa ghorofani. Hushusha kapu tupu kwa kamba mpaka duka la chini, akalipandisha limejaa, na hashuki mwenyewe asije akaombwa na watoto. Mwishoni kapu linagoma kupanda. Darasa zima lilicheka, mimi moyo kwatu.

Maswali yakaanza.

"Dada, unaandikia wapi?"

"Dukani, kwenye maboksi ya vitambaa. Mteja akija nachomeka kalamu sikioni."

"Ukikosea?"

"Nakata, naandika pembeni."

"Una mchumba?"

Mwalimu akakohoa.

Kwenye dawati la nyuma kulikuwa na minong'ono. "Muulize basi! Si ulisema utamuuliza?" Akasimama binti mmoja mwembamba, ushungi wake mweupe umeteleza.

"Dada, yule bibi umemtoa wapi?"

"Alinijia tu, kama ndoto."

"Kapu lake la bluu," akasema, "mshikio umefungwa kitambaa chekundu. Kwenye picha ya kitabu na kwetu ni vile vile. Lile kapu la bibi yangu."

"Mjukuu wa mchoyo!" kijana mmoja akapaza sauti, na wenzake wakadakia. Mwalimu akawanyamazisha. Akaniambia pembeni kwamba kitabu kilikuwa darasani wiki nzima, na tangu siku ya kwanza ndivyo wanavyomwita.

Nikakifunga kitabu. Maana ni kweli. Duka letu linatazamana na ghorofa lile. Nikikaa kwenye kigoda changu naona baraza ya juu, ila mlango wa duka la chini umefichwa na turubai. Kila siku naliona kapu likishuka jepesi, linayumbayumba, kisha linapanda zito. Sura ya mwenye kapu sijawahi kuiona, mkono tu wenye hina. Yaliyobaki nilijijazia mwenyewe.

Nikamwambia ukweli huo pale pale. Binti hakukasirika. Alinikazia macho kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Sasa mbona hukupanda ukamuuliza?"

Shule ilipotoka nikamwomba anipeleke.

Tulipanda ngazi, tukapiga hodi. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na baraza, miguu imevimba, ameiweka juu ya mto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu mwandishi? Mbona mdogo hivi? Haya, nisomee."

Nikasoma, sauti yangu kama ya mwizi aliyeshikwa. Nilipofika "kapu tupu likashuka," akainua mkono.

"Hapo hapo. Tupu? Wewe umelelewa wapi? Chombo cha mtu hukirudishi kitupu, na changu mimi ndiyo nikipeleke kitupu?"

Mjukuu akafunua kitambaa kwenye kapu. Visheti! Kila siku kapu linashuka na kitu: leo visheti, kesho kashata, vya mwenye duka na watoto wanaocheza pale chini. Vyepesi, ndiyo maana linayumba. Tangu miguu ikatae ngazi, bibi hana njia nyingine ya kuwafikia watu.

Nilitaka sakafu inimeze. Nyumbani kwetu, jirani akituletea futari, mama haniruhusu kurudisha bakuli lake bila kutia chochote, hata ndimu mbili. Mila ile naijua kama jina langu. Haikunipitia akilini kwamba kapu linaloning'inia kwenye kamba nalo ni chombo cha watu.

"Umekasirika, bibi?"

"Nimekasirika. Kula kwanza." Akanisogezea sahani. Kisha akamtazama mjukuu wake, sauti ikashuka. "Mimi nimeshazeeka, waniite watakavyo. Lakini huyu kesho anarudi shule."

Basi kesho yake nikaomba ruhusa kwa bosi, nami nikarudi. Nilisimama mbele ya darasa, binti kando yangu.

"Jana niliwaambia bibi wa kwenye kitabu alinijia kama ndoto. Nilidanganya. Nilimwona mtu kwa mbali, nikaona uvivu kupanda ngazi, nikamzulia uchoyo. Bibi yake anagawa kila siku. Aliyekosea ni mimi, na kitabu nitakiandika upya. Msimwite tena lile jina."

Yule kijana aliyepaza sauti jana alijikuna shingo, akamgeukia binti.

"Samahani, bwana. Kwani ile kamba haijawahi kukatika?"

"Mara moja," binti akasema.

"Kapu likiwa na nini?"

"Mayai. Trei nzima."

Darasa likalipuka. Binti mwenyewe akacheka mpaka akashika meza. Mikono ikanyooka kila upande, yote ikimwelekea yeye. Nani anavuta? Mvua ikinyesha je? Paka hajawahi kupanda humo? Akawa anawachagua mmoja mmoja kwa kidole, "wewe… haya, na wewe," mgongo umenyooka.

Mimi nikaenda nyuma, nikakaa kwenye nafasi yake. Nilikuwa na maswali kama saba hivi. Nikanyoosha mkono, nikasubiri zamu yangu.