Bi Kwanini na Pampu za Shemeji

Benki nzima walimjua kwa jina la Bi Kwanini. Mteja akitaka kutuma fedha nje ya nchi, maombi yake yalipitia mezani kwake, ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo. Hapo aliulizwa: unamlipa nani, kwa kitu gani, na mwenye hiyo kampuni ni nani hasa? Wateja walimchukia. Mmoja alimwambia mbele za watu kwamba hata wakwe zake hawakumchunguza hivyo alipokwenda kuposa. Bi Kwanini aliliandika jibu hilo kama lilivyo, akaendelea na swali lililofuata.

Nyumbani alikuwa Mama Pacha, na huko hakuwa na maswali mengi. Yeye, mumewe aliyekuwa mwalimu wa hesabu, na pacha wao waliishi kwa mama mkwe, katika nyumba yenye sebule moja ambayo kila mtu lazima aipite ili afike chumbani kwake. Chumba cha mbele kilikuwa kimetobolewa mlango wa barabarani, na humo shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliuza pampu za maji. Shemeji alikuwa mtu wa maneno mengi. Tangu siku ya harusi alisema mke wa kaka yake ana macho ya mtu anayehesabu vijiko wageni wakishaondoka. Kila mtu alicheka, na yeye Mama Pacha akacheka nao, lakini lilimkaa moyoni.

Pampu zilitoka ng'ambo. Mwaka ule muuzaji alimwagiza shemeji asilipe tena kiwandani, bali alipe kampuni nyingine katika nchi ya tatu. Shemeji hakujali. Mzigo unafika, basi, ya nini kujichosha? Lakini maombi yalipotua mezani kwa Bi Kwanini, aliona kwamba kampuni hiyo haina kiwanda wala ghala, na anwani yake ndiyo ileile ya kampuni iliyowekewa vikwazo vya kimataifa. Angeweza kuyapitisha, na asingejulikana mpaka wakaguzi waje. Hakuyapitisha. Alikwenda kwa mkuu wa kitengo, mwanamume mkavu wa sauti ya chini, akamweleza alichokiona, na kwamba mwenye akaunti ni shemeji yake.

Mkuu alilichukua faili la maombi hayo, akampa mfanyakazi mwingine aandike taarifa. Kisha akarudi akafunga mlango.

"Taarifa inakwenda kwa wachunguzi," alisema. "Ukimdokeza mteja kwamba anachunguzwa, utakayeshtakiwa ni wewe. Usimwambie mume, usimwambie mama mkwe. Hata wakulilie."

"Naijua sheria, mkuu."

"Basi funga mdomo."

Mwanzoni shemeji alikuja kwa upole. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akawanunulia pacha viatu, akamwomba "ausukume kidogo" ule muamala wake. Alimjibu aulize kwenye dirisha la benki kama wateja wengine. Siku chache baadaye akaunti ya shemeji ikazuiwa. Waliokuwa wameagiza pampu wakamjazia mlango, kila mmoja na matusi yake. Viatu vya pacha vilichukuliwa vikarudishwa dukani.

Jumapili iliyofuata mama mkwe aliwaita wote sebuleni. Shemeji hakukaa.

"Nitakuuliza mara moja tu," alisema. "Ni wewe uliyenichoma?"

"Mambo ya kazini siyazungumzi hapa."

"Hapa ni kwa nani? Uliingia humu na sanduku moja."

Mumewe alikuwa ameinamia sakafu. Mama mkwe alimsogelea Mama Pacha, akamshika goti. "Mwanangu, sema si wewe, yaishe."

Angeweza kusema kwamba mwandishi wa taarifa ni mtu mwingine, na asingekuwa amedanganya. Lakini kusema hivyo kungekuwa kukiri kwamba taarifa ipo. "Siwezi kusema kitu, mama."

Mama mkwe aliondoa mkono wake pale gotini. "Basi kuanzia kesho usiliwashe jiko langu."

Asubuhi alizikuta sufuria zake barazani, zimepangwa vizuri, kubwa chini ndogo juu. Shemeji akawa anamwita "askari" mbele ya watoto. Mama Pacha naye hakuwa wa kupigwa akanyamaza: aliondoa jikoni mtungi wa gesi alioununua kwa mshahara wake, akaanza kufunga chumba kwa ufunguo hata akienda bafuni. Salamu zikakatika. Mumewe alipomuuliza wakiwa wawili tu, alimjibu vilevile alivyomjibu mama yake. "Kumbe nimeoa benki," alisema mume, akampa kisogo, na tangu hapo wakawa wanalala hivyo.

Wachunguzi walikuja, wakapekua duka, wakamhoji shemeji mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe waliona hana kosa. Alikuwa ametumiwa na muuzaji wake, aliyekuwa akificha mali ya mtu mwingine. Walimwandikia barua ya kumsafisha. Hata hivyo benki haikumfungulia akaunti. Malipo ya dola yalilazimika kupitia benki moja kubwa ya ng'ambo, nayo ilisema mteja huyo haimtaki.

Siku aliposikia hayo, Bi Kwanini aliingia kwa mkuu bila kubisha hodi.

"Amesafishwa. Kwa nini bado amefungiwa?"

"Wenzetu wa ng'ambo hawamtaki."

"Kwa nini?"

"Hawaelezi. Tukibishana nao watatukata sisi, na hapo hakuna mteja wetu atakayelipa nje hata senti. Rudi kazini, mama."

Alirudi mezani akakaa na hasira yake. Hata hasira hiyo hakuwa na pa kuipeleka. Shemeji alikuwa ameshafungiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa haki, mara ya pili kwa uvivu wa watu wasiomjua, na machoni pa shemeji mkono uliofanya yote mawili ulikuwa mmoja, wa mke wa kaka yake.

Duka lilikufa. Shemeji akaajiriwa kuuza mabomba kwa mtu mwingine. Mama Pacha alipanga nyumba mtaa wa pili, na mumewe alihama naye, ila alihama kama mtu anayesindikiza mzigo usio wake.

Miaka ikapita. Mama mkwe alianguka bafuni akavunjika nyonga, na Mama Pacha akaenda hospitali kumtazama. Alipoingia tu, shemeji aliinuka, akatoka kwenda koridoni bila kumsalimia. Mama mkwe alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yaleyale.

"Yamekwisha sasa," alimwambia. "Niambie mimi tu. Ni wewe?"

"Hata sasa siwezi, mama."

Mama mkwe aliugeuzia uso wake ukutani. Mama Pacha alimfunika miguu, akaweka matunda juu ya kabati, akatoka.

Shemeji alikuwa ameegemea ukuta. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Aliingia akafunga mlango. Mama Pacha alipofika kwenye ngazi aliwasikia mama na mwana wakicheka mle ndani. Alisimama kidogo, akauweka mkoba vizuri begani, akashuka.