Kumeza Si Kuua

Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa Kilungu kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili: zikikutana na kijidudu zinakimeza, zinakiua, mambo yamekwisha. Msichana mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, na kikikataa kufa?" Nilimwambia akae chini. Sikupenda kukatizwa nikiwa ubaoni.

Kisha kifua kikuu kikanishika mimi, na nesi wa zahanati yetu akawa ni msichana yule yule.

Miezi mitatu ya dawa ilinitosha. Kikohozi kilikuwa kimekwisha, mashavu yamerudi, nami nilikuwa nimechoshwa na kichefuchefu cha kila asubuhi na mkojo wa rangi ya chungwa. Nikashuka zahanati na hotuba yangu tayari: nimepona, asante, tuishie hapo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikumfanyia.

"Mwalimu, hao askari wako wamemeza, hiyo ni sawa," akasema. "Lakini kumeza si kuua. Hiki kijidudu kikimezwa kinakataa kusagwa. Kinakaa huko ndani ya askari, kinakula, kinazaana."

"Na askari wengine wako wapi?"

"Wanakuja, wanakizunguka, wanajenga kama ukuta. Vingine vinalala tu hapo ndani, vinangoja uache dawa. Ukiacha, vinaamka, na hizi dawa pengine zisiviweze tena. Tutakuzika, Mwalimu. Si wewe ulitufundisha kikulacho ki nguoni mwako?"

Niliogopa, na nilikasirika kidogo pia, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nyumbani nikachota ndengu kwenye gunia. Punje zilikuwa nzima, zinang'aa. Nikaponda moja kwa jiwe, na ndani nikamkuta mtoto wa fukusi, mweupe, amejikunja, ameshiba. Nikameza vidonge vya siku hiyo bila kugombana na mtu.

Mwezi wa sita wa dawa makohozi yangu yakapimwa, yakawa safi. Nesi alicheka, nami nikacheka mpaka waliokuwa kwenye foleni wakageuka kutazama.

Muhula uliofuata nilifika tena kwenye somo lile la askari. Nikaandika "zinameza", na kabla sijaendelea, mkono mdogo ukainuka kule nyuma. Nilihisi ile hasira yangu ya zamani ikipanda.

Nikaweka chaki chini. "Uliza," nikasema.